Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Anga kwa Programu ya Kompyuta

Katika toleo lililopita tuligusia Stellarium, programu ya bure inayochora anga kwenye skrini ya kompyuta kama linavyoonekana mahali popote, siku yoyote na saa yoyote. Kazi ya kuitengeneza ilianzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo imeendelezwa na wataalamu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na nyingi zilitoka kwa walimu. Tumechagua sita.

Darasa kubwa, kompyuta moja

Ndugu Mhariri, ninafundisha Jiografia kidato cha kwanza, na shule yetu ina kompyuta mpakato moja na projekta moja kwa darasa la wanafunzi wanaozidi sabini. Nilipowaonyesha anga kwa Stellarium walishangilia mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia, lakini nilipowapa jaribio wiki iliyofuata, kilichobaki vichwani mwao ni kwamba Zohali ina pete. Niitumieje programu hii ifundishe, isiwe burudani tu?
*Mwalimu wa Jiografia, Singida*

Mwalimu, kabla ya yote hakikisha kwamba anga ulilowaonyesha lilikuwa la Singida. Programu hii isipoweza kutambua mahali ulipo kwa njia ya intaneti, huanza na Paris, na mwalimu asiyejua hilo anaweza kumaliza kipindi kizima akieleza anga la Ufaransa kwa watoto wa Tanzania. Dalili yake ni Nyota ya Kaskazini: ukiiona imetulia juu sana upande wa kaskazini, karibu nyuzi 49 kutoka upeo wa macho, ujue uko Paris. Singida ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na huko nyota hiyo haionekani kabisa mwaka mzima. Bonyeza F6, andika latitudo na longitudo ya shule yenu, kisha weka alama kwenye kisanduku kinachoifanya sehemu hiyo iwe ya kudumu. Miti na nyumba zinazoonekana kwenye upeo wa macho ni picha ya mashambani Ufaransa ambayo huja pamoja na programu. Haina madhara, ila ni vema kuwaeleza wanafunzi mapema, maana lazima mmoja atauliza ni kijiji gani hicho.

Sasa tuje kwenye ufundishaji wenyewe. Kosa linalotendeka mara nyingi, na si lako peke yako, ni kuonyesha picha kwanza na kuuliza swali baadaye. Geuza utaratibu huo. Kabla projekta haijawashwa, kila mwanafunzi aandike utabiri wake kwenye daftari kwa kalamu ya wino, asije akaufuta. Uliza, kwa mfano: leo saa moja na nusu usiku mwezi utakuwa upande gani wa anga, na kesho saa ileile utakuwa umesogea kuelekea wapi? Utashangaa jinsi darasa litakavyogawanyika, kwa sababu wengi wanajua kwamba mwezi huchomoza mashariki na kuzama magharibi, na kutokana na hilo wanahitimisha kwamba kesho utakuwa umesogea magharibi. Ndipo uwashe projekta, umkabidhi mwanafunzi mmoja kibodi, weka saa 19:30 (programu huhesabu saa 24, kwa hiyo ukumbushe darasa kwamba hiyo ni saa moja na nusu usiku), simamisha mwendo wa muda kwa kubonyeza 7, kisha mwanafunzi abonyeze kitufe cha alama ya usawa, =, ambacho husogeza kalenda kwa siku moja. Mwezi utaruka kwenda mashariki, takriban nyuzi 13 kwa kila siku. Waliotabiri magharibi watapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.

Lakini usiishie kwenye skrini. Wape kazi ya nyumbani ya kupima kwa mkono: ngumi iliyonyooshwa mbele ya jicho kwa urefu wa mkono mzima huziba takriban nyuzi 10 za anga, kwa hiyo jioni mbili mfululizo zinatosha kwa mtoto kuona kwamba mwezi umesogea zaidi kidogo ya ngumi moja. Hapo atakuwa ameihakiki programu, badala ya kuiamini tu kwa sababu imetoka kwenye kompyuta. Na kwa kipindi kimoja swali moja linatosha. Michoro ya makundinyota, ambayo huwashwa kwa R, iache izimwe mpaka mada hiyo ifike. Inapendeza mno, na ndiyo inayomeza akili za darasa zima.

Kivuli kinachoelekea kusini

Ndugu Mhariri, kitabu tunachotumia kina mchoro unaoonyesha jua la adhuhuri likiwa upande wa kusini na kivuli cha mtu kikielekea kaskazini. Mwezi Julai mwanafunzi wangu mmoja alinitoa nje akanionyesha kivuli cha mlingoti wa bendera kikielekea kusini. Nilimwambia nitampa jibu. Je, programu hii inaweza kunisaidia?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Dar es Salaam*

Mwanafunzi huyo apewe zawadi. Mchoro wa kitabu si wa uongo, ila ulichorwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la adhuhuri huwa kusini siku zote za mwaka. Sisi tunaoishi kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni tuna anga la namna nyingine: jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, na katikati ya tarehe hizo huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Weka programu Dar es Salaam, takriban nyuzi 6.8 kusini, na uchague tarehe 21 Juni. Bofya jua kisha tazama maelezo yanayojitokeza pembeni. Katikati ya mchana litakuwa upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Nenda tarehe 21 Desemba, nalo litakuwa upande wa kusini, karibu nyuzi 73. Kisha waambie wanafunzi waitafute wenyewe siku ambayo jua linafika nyuzi 90, au karibu kabisa na hapo. Wataipata takriban tarehe 3 Machi na tena takriban tarehe 10 Oktoba. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Oktoba kivuli cha adhuhuri cha mlingoti wenu kinaelekea kusini, na miezi iliyobaki kinaelekea kaskazini.

Zoezi hili lina utamu zaidi likifanywa na shule kadhaa. Mtwara, iliyo kusini zaidi, jua la utosi hufika takriban tarehe 22 Februari na 20 Oktoba. Mombasa takriban tarehe 10 Machi na 3 Oktoba. Nairobi, iliyo karibu sana na ikweta, takriban tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Wanafunzi wakiziweka tarehe hizo kwenye ramani wataliona jua likipanda kuelekea kaskazini mji baada ya mji, kisha likirejea.

Kuna jambo jingine ambalo litawasumbua, na ni vizuri liwasumbue. Siku ya tarehe 3 Machi, jua halitafika utosini saa sita kamili za saa yenu ya ukutani. Litafika kama saa 6:35 mchana. Mwezi Oktoba litafika mapema zaidi, kama saa 6:10. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 39, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Ya pili ni kwamba dunia hailizunguki jua kwa mwendo ulio sawa mwaka mzima, tena mhimili wake umeinama, hivyo jua halisi huitangulia au huchelewa kuifuata saa ya ukutani kwa dakika kadhaa. Kigoma, iliyo magharibi zaidi, jua la utosi la Machi hufika saa saba na dakika kumi na kitu. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini adhuhuri ya Kigoma inachelewa ameelewa longitudo kuliko yule aliyekariri maana yake.

Siku yenyewe ikifika, simamisheni fimbo iliyonyooka kwenye uwanja uliosawazishwa, mhakikishe wima wake kwa timazi, na kivuli kitaingia chini ya fimbo.

Kompyuta za zamani, intaneti ya shida

Mhariri, shule yetu ina kompyuta za msaada ambazo ni za zamani, na intaneti hupatikana kwa bando la simu ya mwalimu mkuu tu. Je, tukate tamaa?
*Mwalimu wa TEHAMA, Pemba*

Hapana. Programu ikishasakinishwa haihitaji intaneti kwa kazi zote tulizozieleza hapa. Orodha ya nyota inayokuja nayo ina zaidi ya nyota 600,000, ambazo ni nyingi mno kuliko macho ya binadamu yanavyoweza kuona. Pakueni faili la usakinishaji mara moja mahali penye mtandao mzuri, mliweke kwenye flashi, kisha msakinishe kompyuta moja baada ya nyingine. Kikwazo cha kompyuta za zamani mara nyingi ni kadi ya michoro. Skrini ikibaki nyeusi, jaribuni toleo la zamani zaidi la programu. Mkishindwa kabisa, kompyuta moja inayofanya kazi na projekta inazishinda kumi zinazokwama.

Simu janja pia zinasaidia, hasa programu ya Sky Map ambayo humwonyesha mtoto jina la nyota anayoielekezea simu. Ila simu nyingi dira yake hupotoka ikikaribia vyuma, kwa hiyo msisimame kando ya gari wala chini ya paa la bati.

Kilimia

Ndugu Mhariri, mimi ni mzee niliyestaafu ualimu. Wazee wetu walisema: “Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.” Wajukuu wangu wananiuliza kilimia kinazama wapi, maana wao wanakiona angani usiku. Kompyuta yao inaweza kuwaonyesha?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo Mwalimu. Inaweza, na hili ni miongoni mwa maswali bora tuliyowahi kupokea. Wajukuu wako wabonyeze F3, waandike M45, ambalo ndilo jina la kundi hili dogo la nyota, kilimia, katika orodha ya wanaastronomia, kisha waweke Tanga, tarehe 15 Aprili, saa 19:15. Watakiona upande wa magharibi, kaskazini kidogo, kikiwa kimeinama. Kisha wasogeze siku moja moja pasipo kubadilisha saa. Kila siku kitashuka kidogo, si kwa sababu kinakimbia, bali kwa sababu jua ndilo linalohama mbele ya nyota na kukikaribia. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei kitamezwa na mwangaza wa machweo. Huko ndiko kuzama.

Sasa wageuze saa iwe 05:30 alfajiri, watazame mashariki, na waendelee na kalenda. Mei yote hawatakiona. Karibu na katikati ya Juni kitachomoza kabla ya jua, kwenye weupe wa alfajiri. Huko ndiko kuzuka. Kati ya kuzama na kuzuka hupita takriban siku arobaini, na katika pwani yetu muda huo unaangukia mwishoni mwa masika, ndipo unapoingia msimu wa baridi na ukavu. Mkulima aliyekuwa akikitazama kilimia alikuwa na kalenda ambayo haikutegemea mwezi mwandamo, ambao kila mwaka huwahi kwa takriban siku 11 kuhusiana na misimu.

Kuhusu mvua yenyewe, programu haina la kusema. Inakokotoa nyota, haitabiri hali ya hewa. Lakini wajukuu wanaweza kuandika kwenye daftari mwaka huu kama mvua ilinyesha siku kilimia kilipozama na siku kilipozuka, wafanye hivyo miaka kadhaa, nao watakuwa na neno la kusema juu ya methali hiyo. Sisi tungefurahi kulichapisha.

Mwezi uliolala kama dau

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Vitabuni mwezi mchanga huchorwa umesimama wima, lakini huku kwetu unalala kama dau. Tena, rafiki yangu anasema kwa Stellarium tunaweza kujua Idi kabla ya kutangazwa. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Unguja*

Marahaba mwanangu. Macho yako hayajakudanganya. Sehemu ya mwezi inayong'aa huelekea daima upande wa jua. Karibu na ikweta, njia ambayo jua na mwezi hupita angani hukutana na upeo wa macho karibu wima, kwa hiyo jua linapozama huwa chini ya mwezi mchanga, na mwanga huupiga mwezi kutokea chini. Ulaya njia hiyo mara nyingi huinama sana, na jua huwa chini lakini pembeni. Fungua programu Unguja wakati wa machweo siku mbili baada ya mwezi mwandamo, bonyeza alama ya mkato (,) ili mstari wa njia hiyo uonekane, kisha kwa F6 uhamie London bila kubadilisha tarehe, ukitazama tena wakati wa machweo ya huko. Utaona mstari ukilala na mwezi ukigeuka nao.

Ama kuhusu Idi, programu itakwambia mwezi uko wapi, una umri gani na uko umbali gani kutoka kwenye jua. Kuonekana ni jambo jingine. Mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, hauonekani kwa macho hata anga likiwa safi. Ukizidi hapo, mawingu, vumbi na macho ya mtazamaji ndiyo huamua. Kwa hiyo utaweza kusema “jioni hii haiwezekani” au “jioni hii inawezekana”. Kutangaza waachie wenye dhamana, nawe nenda ufukweni ukatazame.

Kivuli cha dunia kinachong'ang'ania

Ndugu Mhariri, nimewaonyesha wanafunzi wangu awamu za mwezi kwa programu, mwezi mzima, siku baada ya siku. Bado wanasema mwezi hupungua kwa sababu ya kivuli cha dunia. Pia naomba kujua kama tunaweza kujiandaa kwa kupatwa kwa jua kwa mwaka 2027.
*Mwalimu wa Fizikia, Kwale*

Mwalimu, programu inaonyesha kinachotokea, lakini haisemi kwa nini, na mtoto mwenye maelezo yake kichwani atayaona maelezo hayohayo kwenye skrini. Mbane kwa swali moja. Weka siku ambayo mwezi ni nusu na bado unakua, wakati wa machweo. Jua liko magharibi, mwezi uko juu, karibu na utosi. Muulize: kivuli cha dunia kiko upande gani sasa? Kivuli huelekea mbali na mwanga, kwa hiyo kiko mashariki, chini ya upeo wa macho. Kimefikaje utosini? Mwache anyamaze. Kisha weka tarehe 7 Septemba 2025, usiku ambao mwezi ulipatwa kikamilifu na huku kwetu ukaonekana, kati ya saa 2:30 na saa 3:52 usiku. Ulikuwa mwezi mpevu, ukiwa upande wa pili kabisa na jua. Hapo ndipo kivuli cha dunia kinapofanya kazi yake, kwa saa chache tu.

Baada ya hapo funga kompyuta, zima taa za darasa, mpe kila mtoto chungwa lililochomekwa kwenye kalamu, na uweke balbu moja katikati ya chumba. Ajizungushe polepole akilitazama chungwa lake. Kazi hiyo programu haiwezi kuifanya vizuri kuliko chungwa. Akishaelewa, mrejeshe kwenye skrini, abofye mwezi na kubonyeza Ctrl na G kwa pamoja. Programu itamhamishia mwezini, naye aitafute dunia. Siku sisi tunapoona mwezi mpevu, mtu aliyeko mwezini angeiona dunia ikiwa na giza.

Kuhusu tarehe 2 Agosti 2027, kivuli kamili cha mwezi kitapita kusini mwa Uhispania, Afrika Kaskazini, Saudia, Yemeni na Somalia, na karibu na Luxor nchini Misri jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6, kama saa saba mchana kwa saa zetu. Kwale mtaona sehemu tu ya jua ikifunikwa. Wekeni programu hapo kwenu muone kiasi na saa, na wanafunzi wauchore mwonekano huo mapema. Kwa mazoezi, anzeni na tukio ambalo jibu lake linajulikana: tarehe 1 Septemba 2016, huko Rujewa mkoani Mbeya, ambako jua lilibaki pete nyembamba kwa sababu mwezi ulikuwa mbali kiasi cha kutoweza kulifunika lote. Hamieni kisha Dar es Salaam kwa saa ileile, na pete itavunjika iwe hilali.

Siku ya tukio, asiruhusiwe mtoto yeyote kulitazama jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, wala kupitia filamu ya eksirei. Miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2 inafaa ikiwa haina mkwaruzo. Isipopatikana, toboeni tundu dogo kwenye kadi, muipe jua mgongo, na taswira yake iangukie kwenye karatasi nyeupe.